Ungo Ulioruka Colorado

Mjukuu wangu, nataka tuwekane sawa juu ya ile hadithi ambayo shangazi zako huizungusha kila panapokuwa na arusi, kwamba babu yenu alipokuwa Marekani aliruka na ungo. Imetiwa chumvi hata haionjeki tena: mara niliruka usiku wa manane, mara nilivuka bahari, mara nilionekana Mambrui alfajiri nikinywa kahawa barazani na adhuhuri nikawa darasani Colorado. Watu hucheka, nami hucheka nao, lakini wewe unasomea uhandisi na si vyema ubaki na maneno ya arusini. Ungo uliruka, hilo halina ubishi. Mimi nilikuwa nimesimama ardhini, mchana kweupe, nimeshika swichi ya waya, na pembeni yangu alikuwapo mzungu aliyehesabu kwa sauti kutoka tano kushuka chini.

Lakini huwezi kuielewa Colorado usipoanzia kwetu. Miaka ya sitini, kaskazini yetu pale Ngomeni, Wataliano walikuja wakasimamisha majukwaa mawili baharini juu ya miguu ya chuma, moja likaitwa San Marco na jingine Santa Rita. Mkubwa wao alikuwa profesa kutoka Roma, Luigi Broglio, jina ambalo kila mzee wa Mambrui alilitamka kwa namna yake. Hatukujua kwa nini watu hao wafunge safari yote ile kuja kwenye kijiji cha wavuvi na wachimba chumvi. Nilikuja kufahamu nikiwa chuoni: Ngomeni iko chini kidogo tu ya Ikweta, na mtu akirusha roketi mashariki kutoka pale, dunia inayozunguka inamwongezea mwendo wa bure wa mita zaidi ya 460 kwa sekunde. Na mashariki yetu ni bahari tupu, chochote kikianguka hakimwangukii mtu. Setilaiti yao ya kwanza kutoka pale, San Marco 2, iliondoka tarehe 26 Aprili 1967, nami nilikuwa bado mvulana wa kaptura.

Ile ninayoikumbuka sawasawa ni ya tarehe 12 Desemba 1970, Sikukuu ya Jamhuri. Ufukwe wa Mambrui ulinuka mwani na ng'onda waliotandazwa kwenye chanja, na watoto walikuwa na bendera za karatasi mikononi. Upande wa Ngomeni ukapanda moto mdogo mweupe, kimya kabisa, na mkia wa moshi nyuma yake. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akiziba jahazi akasema kimeharibika, kingekuwa kizima tungesikia. Maneno hayajamtoka sawasawa, ngurumo ikafika, ya chini, ikipita kifuani kabla ya masikioni. Ile ilikuwa roketi ya Scout ya Wamarekani, yenye hatua nne, na ndani yake mlikuwa na setilaiti waliyoipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku yetu. Ndiyo iliyowaonyesha wanasayansi mamia ya nyota na vitu vingine vya mbinguni vitoavyo miale ya eksirei, na mkuu wa kazi ile, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Sisi hatukujua lolote kati ya hayo. Mama alikuwa mlangoni anapeta mchele wa watu. Alinyanyua uso, akautazama moshi, akasema, "Hawa Wataliano wana pesa," akarudi kwenye ungo wake.

Ungo ndio uliotulea, na hilo usilipite haraka. Mama alisafisha mchele wa maduka mawili na wa arusi zote za mtaa, akilipwa kwa kipimo. Alasiri, upepo wa bahari ukishaingia uchochoroni, aliketi akiupa ubavu upepo, akarusha na kudaka, akarusha na kudaka. Wishwa unatoka nje ya ukingo, chuya zinakusanyika mbele, chenga zinabaki kando, na mchele unarudi mahali pake. Nimekaa miguuni pake miaka mingi nikiokota chuya, na bila kufundishwa na mtu nilijua kwamba ndani ya upepo kilicho kizito na kidogo hutangulia, na chepesi kilicho kipana huvutwa nyuma. Kitabuni nilikuja kuyakuta hayohayo yameandikwa kwa hesabu za kurasa kadhaa.

Mwaka 1974 nilipata nafasi ya kusoma Marekani, kwenye chuo kimoja chini ya Milima ya Rocky. Mama akaninunulia ungo mdogo soko la Malindi, shilingi tatu kwa mama mmoja wa Kigiriama, baada ya kuombwa nne. Akautia sandukuni chini ya mashati pamoja na iliki, mdalasini na chupa ya achari iliyovujia kola zote. Nilimwambia huko hakuna mchele wa kupeta. Akaniuliza, "Kwani wao wanakula mawe?" Kweli nilikuta mchele wao umeshasafishwa na kutiwa kwenye maboksi, hauna chuya wala mchanga, na wala hauna harufu. Basi ungo ukatundikwa msumarini juu ya kitanda changu. Mwenzangu wa chumbani, mtoto wa mkulima kutoka Nebraska, aliuangalia kwa muda akaniuliza kama kwetu hiyo ni kofia.

Sasa tuje kwenye roketi. Huyo wa Nebraska alikuwa na ugonjwa wa vijana wengi wa huko: kila Jumamosi akiondoka na kasha la roketi ndogo za karatasi na mbao laini. Mchezo ule ulizaliwa kwao, kwenye mji wa Norfolk, ambako mwaka 1954 muuza viatu mmoja, Orville Carlisle, mpenzi mkubwa wa fataki, aliunda roketi ya karatasi inayorushwa kwa injini ya kubadilishwa na kushuka kwa mwavuli. Miaka mitatu baadaye Warusi wakarusha Sputnik, na ghafla kila mvulana wa Marekani akataka roketi yake. Wengi walijaza madude kwenye mabomba ya chuma wakaumia vibaya. G. Harry Stine, mtu aliyefanya kazi kwenye roketi za kweli huko White Sands, aliiona kazi ya Carlisle, akaifanyia kampuni na kuiandikia kanuni: roketi iwe ya karatasi, mbao au plastiki, injini inunuliwe tayari kiwandani, iwashwe kwa umeme kutoka mbali. Injini zilikuja kutengenezwa na Vernon Estes, aliyebuni mashine iitwayo Mabel, ikitoa injini moja kila baada ya sekunde chache, na mwaka 1961 akakihamishia kiwanda chake Penrose, mji mdogo wa Colorado hiyohiyo. Kwa hiyo mimi nilikwenda kuishi kwenye jimbo lenye kiwanda cha roketi za watoto, kama nilivyozaliwa jirani na majukwaa ya roketi za wakubwa. Sikupanga hata kimoja.

Kiangazi cha 1976 chuo kilifungwa nami sikuwa na nauli ya kurudi nyumbani, nikabaki kuosha vyombo jikoni kwa dola mbili na senti thelathini kwa saa, kima cha chini cha sheria. Ulikuwa mwaka wa vishindo. Tarehe 4 Julai Marekani ilitimiza miaka 200, Colorado yenyewe ilikuwa ikitimiza 100, kila duka lilipakwa nyekundu, nyeupe na bluu. Huko Montreal michezo ya Olimpiki ilifunguliwa bila wanariadha wetu. Kenya na nchi nyingi za Afrika zilijitoa kwa sababu ya New Zealand kwenda kucheza raga na makaburu, mwezi mmoja tu baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi. Sisi Wakenya tuliokuwa pale tulizitazama mbio zile kwenye televisheni ya bwalo bila kusema mengi. Na tarehe 20 Julai chombo cha Viking 1 kikatua Mars kikaanza kutuma picha za mawe. Kijana wa Nebraska alikuja jikoni na gazeti mkononi, sabuni ikinitiririka hadi kiwikoni, akaniambia klabu yao itakuwa na siku ya vioja: kila mtu alete kitu kisichofanana na roketi, kipae, kishuke salama. Kulikuwa na mtu aliyekwisha kuunda piramidi. Nikamwambia kwetu kipo chombo cha usafiri kinachoaminika kuliko roketi yoyote, na kimetundikwa juu ya kitanda changu.

Nilimweleza habari za wachawi na ungo akacheka hadi akakaa chini. Mwenzangu mmoja wa Kenya, kutoka bara, yeye hakucheka hata kidogo. Alisema atakuja kutazama, ila atasimama mbali, na jina lake lisiandikwe kwenye barua yoyote ya nyumbani. Ndiyo maana hata leo silitaji.

Injini tuliyochagua iliitwa D12-3, na nilipenda kwamba jina lake ni maelezo yake. Herufi ni daraja la nguvu, kila herufi ina uwezo wa hadi mara mbili ya ile iliyotangulia. 12 ni msukumo wa wastani kwa kipimo cha nyutoni. 3 ni sekunde za kungoja, moto mkuu ukishakwisha, kabla ya kishindo kidogo cha kufungulia mwavuli. Ni mrija wa karatasi nzito wenye urefu wa milimita 70, ndani baruti iliyoshindiliwa, na mdomoni udongo mkavu wenye tundu. Pakiti ilikula karibu mshahara wangu wa saa nzima. Mwavuli hatukuuhitaji, maana kitu kipana na chepesi hujishusha chenyewe. Nilitoboa ungo katikati kwa kisu cha moto ili nyasi zisifumuke, nikapitisha mrija wa karatasi, nikaukaza kwa gundi nyeupe ya mbao. Ungo niliufudikiza, mgongo juu, na mrija nikauacha utokeze juu kadiri ulivyoweza, ili uzito wa injini utangulie na ungo ufuate. Kijana wa Nebraska alitaka tutie mapezi. Nikamwambia wishwa hauna mapezi.

Hapo ndipo tulipobishana, na tukaenda kuamulia ngazini. Bweni letu lilikuwa na ngazi iliyozunguka kisima kitupu kutoka ghorofa ya tatu hadi chini. Tulijaza mchanga kwenye injini kuukuu ili uzito uwe uleule, tukauachia ungo uanguke kichwa chini. Ukapinduka, ukaogelea ubavuubavu, ukagonga ukuta. Tukaongeza udongo wa kuchezea watoto kwenye ncha ya mrija, kipande cha ukubwa wa kunde kwa kila jaribio, na mlinzi wa bweni akatoka kutazama ni nini kinachobamiza. Mwishowe ukashuka umenyooka, haupepesuki, kile kichwa cha udongo kikitangulia hadi sakafuni. Tukaupima kwenye mizani ya jikoni: wakia chini ya kumi pamoja na injini, na kanuni iliruhusu hadi kumi na sita, yaani gramu 453. Jioni ile bweni zima lilinuka gundi na nyasi zilizoungua, na mtu mmoja wa chumba cha pili alibisha hodi kuuliza kama tunavuta bangi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, mashariki ya milima, kwenye shamba la ngano. Wakulima wa huko hulima ukanda mmoja na kuulaza mwingine mwaka mzima ili ardhi inywe maji, na sisi tulipewa ukanda uliolazwa, udongo mtupu usioweza kushika moto. Magari yalipangwa mstari, watu wametandaza mablanketi, kuna harufu ya soseji na mafuta ya jua. Mkaguzi wa usalama alikuwa bwana wa miaka thelathini na kitu, mpole, mkono wa kushoto hauna vidole viwili. Hakuna aliyemwuliza, ulipomwona na umri wake ukakumbuka mwaka wa Sputnik, ulijijibu. Aliushika ungo kwa ule mkono wenye vidole vitatu, akautikisa, akaukunja ukingo, akachungulia gundi. Akafungua kijitabu cha kanuni akapitisha kidole. Chuma kimekatazwa. Majani hayakutajwa popote. Akaniuliza ni nini hasa, nikamjibu kwetu hiki hutumika kwa mchele mchana, na usiku wapo wanaosema hutumika kwa safari. Akaandika kitu kwenye karatasi yake bila kutabasamu, akanionyesha mahali pa kuuweka.

Tuliuvisha kwenye fimbo ya chuma iliyosimamishwa wima, kipande cha mrija wa soda kikiwa ndicho kishikizo chake, tukafunga nyaya hadi betri ya gari. Mwenzangu wa bara alikuwa amesogea hata nyuma ya magari. Mkaguzi akahesabu, nikabonyeza. Nilikuwa nimezoea kuona roketi nyembamba zikiondoka kwa mluzi. Huu haukupiga mluzi, ulinguruma, maana hewa yote ilikuwa inasukumwa na kitu kipana. Ulitoka kwenye fimbo, ukapanda wima, moshi mweupe chini yake, taratibu kiasi cha kuweza kuzihesabu fito zake. Moto uliwaka chini ya sekunde mbili. Ulipokwisha, ungo haukuendelea kupanda kama roketi nyingine zinavyofanya. Hewa iliukamata palepale, mita 50 au 60 kwa kukisia, ukasita, ukainama, ukaanza kushuka kichwa chini. Njiani kile kishindo kidogo kikalia, ukatoa pumzi ya moshi na kuruka ubavu, kisha ukajirekebisha, ukatua kwenye udongo karibu na mtoto aliyekuwa akila tikiti. Honi za magari zikalia. Niliukimbilia. Upande wa chini ulikuwa na duara jeusi, na harufu yake ilikuwa ileile ya fataki za Idi kule Mambrui, imechanganyika na nyasi zilizobabuka. Tuliurusha tena baadaye, na mara hiyo upepo wa milimani uliuchukua hadi kwenye ngano.

Aliyeurudisha alikuwa mwenye shamba. Mzee mrefu, shingo imeiva kwa jua, na alikuwa akiutembeza mkononi kwa namna ambayo nilijua mara moja kwamba ameona kitu anachokifahamu. Hakuuliza habari ya roketi. Aliniuliza kwetu tunapeta nini. Ukoo wake walikuwa Wajerumani wa mto Volga, Urusi, waliohamia Marekani kulima, na bibi yake, alisema, alikuwa na kifaa cha namna hii ambacho watoto hawakuruhusiwa kukigusa. Alinipeleka kwenye lori lake, sakafuni mlikuwa na punje za ngano na makapi ya mavuno ya mwezi ule. Nikaugeuza ungo, nikaziba mrija kwa kiganja upande wa chini, nikaupa upepo ubavu, nikarusha na kudaka. Makapi yakatoka, ngano ikabaki. Si kazi ya kiume kwetu na mama angekunja uso kwa jinsi nilivyomwaga, lakini yule mzee alisimama kimya na watu wa roketi wakaacha roketi zao wakaja kutazama. Akatoa noti ya dola tano aununue ungo. Kwa siku ile dola moja ilikuwa shilingi nane na ushei. Nikasita kwa adabu, kisha nikaipokea.

Juma lililofuata, usiku wa tarehe 31 Julai, mvua ilinyesha milimani na mto Big Thompson ukafurika kwenye korongo lake ukaua watu zaidi ya 140, si mbali sana na tulipokuwa. Hakuna aliyerusha kitu tena kiangazi kile. Niliandika nyumbani kwa haraka ili wasije wakasikia redioni wakahangaika, nikasema mimi ni mzima, na kwa kuwa aerogramu ilikuwa na nafasi chini, nikaeleza habari za ungo, moto, mzee wa ngano na zile dola. Nadhani shangazi zako walizianzia hapo chumvi zao, kwa kuwa barua ilisomwa barazani.

Majibu ya mama yalikuja mwezi wa Septemba. Alikuwa akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa wino wa bluu, mistari ikipanda upande wa kushoto. Nusu ya kwanza ilikuwa dua na maswali ya mafuriko: je, nalala ghorofa ya ngapi, na mto uko umbali gani. Juu ya kuruka hakusema neno. Mistari ya mwisho aliiandika kwa mkono mkubwa zaidi: nimeuza ungo uliotobolewa na kuungua kwa shilingi arobaini na moja, mzima je, wanatoa ngapi? Alikwisha kuzungumza na yule mama wa Kigiriama wa soko la Malindi, na kwa anayechukua kumi atashusha hadi mbili na nusu. Niwaulize watu wangu wanataka nyungo ngapi, nimjibu kabla ya Ramadhani kwisha.